Intavyuu ya Barazani Kwetu

Katika jengo lile la Dar es Salaam chumba chenye ubaridi kilikuwa kimoja tu, na hicho kilikuwa cha mashine. Sisi watu tuliwekwa kwenye benchi koridoni, madirisha yamefungwa, kwa sababu vumbi, tuliambiwa, ni adui wa mashine. Jasho ni adui wa nani hakuna aliyesema. Mlango wa chumba kile ukifunguliwa, ubaridi ulitupitia miguuni kidogo, kisha mtu akaufunga upesi kana kwamba tungeuiba. Nimekaa mahali pengi pa kungojea maishani mwangu, hospitalini, bomani, mahakamani kwa mambo ya mirathi, lakini benchi lile ndilo ninalolichukia hadi leo, na sioni sababu ya kulisamehe.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Kampuni yenyewe ilikuwa ya kigeni, ikikodisha mashine za kuhesabia ambazo magazeti yalishaanza kuziita kompyuta. Mashirika yalipeleka pale hesabu za mishahara yao, wasichana wakazitoboa kwenye kadi ngumu, tundu kwa tundu, kisha kadi zikalishwa mashine na mashine ikatema karatasi. Walikuwa wanatafuta msichana mmoja wa kutoboa kadi. Tangazo la gazetini lilitaka aliyemaliza kidato cha nne, mwenye vidole vyepesi na tabia njema. Vidole vya wavulana vilikuwa na kasoro gani sikuelezwa, ila wavulana niliowaona mle walikuwa wamevaa tai na walikaa upande wa ubaridi.

Mimi ni mtu wa Bagamoyo, mtaa wa Dunda. Baba alifariki nikiwa darasa la pili, mama akarudi kwao Zinga kwenye mashamba, nami nikalelewa na shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, kwenye nyumba ya mawe yenye baraza mbele. Nilipomaliza shule nilikaa nyumbani nikishona kofia na kukaripiwa. Aliyenikaripia ni baba yangu mdogo, ambaye baada ya baba kufa alijitwika ukubwa wa ukoo bila kuombwa na mtu. Alikuwa na duka la vitambaa lisilokuwa na vitambaa, kwa hiyo nafasi ya kuniangalia alikuwa nayo. Kwake yeye, msichana aliyemaliza shule kisha akakaa tu ni sawa na chakula kilichoachwa bila kufunikwa.

Shangazi ndiye aliyenipigania. Walibishana siku nzima, yeye na mdogo wake, mpaka majirani wakaanza kupita taratibu mbele ya baraza ili wasikie vizuri. Mwisho wakakubaliana hivi: nipewe muda mpaka Ramadhani imalizike. Nikipata kazi, nifanye kazi. Nisipopata, posa ya kwanza ya maana itakayokuja itapokewa, nami nisifungue mdomo. Shangazi mwenyewe aliozwa kabla hajahitimu chuo cha Kurani. Jambo hilo alinitajia mara moja tu, akiwa anapepeta mchele, kisha akaendelea kupepeta.

Basi niliitaka kazi ile kuliko nilivyopata kutaka kitu chochote. Sikuwa nazipenda mashine, nilikuwa sijaziona. Nilichokipenda ni ule mshahara wenye jina langu juu yake, na ule mlango ambao baba mdogo asingeweza kuingia bila kuulizwa anamtaka nani.

Intavyuu ya kwanza, maana hivyo ndivyo tulivyoiita, neno usaili tulikuja kulizoea baadaye, ilikuwa ya karatasi: pembetatu na duara zimepangwa, useme lipi linafuata. Ya pili ilikuwa ya mashine. Nilikalishwa mbele ya vitufe vilivyofunikwa ili nisivione, nikaamriwa kunakili tarakimu huku mwanamke mmoja amesimama nyuma yangu na saa mkononi. Alinipumulia shingoni muda wote. Msichana aliyenitangulia alitoka analia, wigi limekaa upande, na hakuna aliyemwambia hata pole. Mimi nilikosea mahali pamoja. Yule mwanamke aliinua kadi yangu kwenye mwanga, akasema, "Haya," akaiweka kando. Hiyo ndiyo sifa pekee niliyopewa katika jengo lile, na niliitunza.

Ya tatu ilikuwa ya watu, na mashine, niseme kweli, ilikuwa na adabu kuliko watu.

Nilikuwa nikitoka nyumbani na buibui, nikifika mjini nalikunja na kulitia kikapuni kabla ya kupanda ngazi. Sikulionea haya. Nilijua tu linavyosomwa na watu wa ofisini. Ndani nilimkuta meneja, Mzungu mnene, mpole kwa namna ya daktari asiyekusikiliza, na pembeni yake afisa utumishi, mweusi mwenzangu, mwembamba, amevaa suti ya Kaunda iliyopigwa pasi mpaka mikunjo ingeweza kukukata. Kiingereza chake kilikuwa kingi na alikitumia chote. Aliniita "ndugu" kama nyakati zile zilivyotaka, lakini kwa sauti ambayo watu humwitia mbwa wa jirani.

Aliitazama karatasi yangu, akamgeukia meneja na kumwambia kwa Kiingereza, kana kwamba mimi ni kiti, "Huyu ni wa Bagamoyo. Watu wa Pwani tunawajua. Arusi wiki nzima, msiba wiki nzima, na katikati wanakaa barazani wanakunywa kahawa. Mashine haiwezi kungojea watu wa namna hiyo."

"Nimepanda basi la alfajiri," nilisema, kwa Kiingereza changu cha shule, "na nimefika hapa kabla mlango haujafunguliwa. Aliyengojewa sikuwa mimi."

Meneja alitabasamu. Afisa hakutabasamu. Alinyoosha shingo, akachungulia kikapu changu.

"Na hilo gunia jeusi, utakuja nalo kazini?"

"Chumba chenu kina baridi," nilimjibu. "Huenda likanifaa."

Najua. Msichana anayetafuta kazi hajibu hivyo. Nyumbani nilifundishwa kushusha macho na shuleni nikafundishwa kujibu swali, na siku ile shule ilishinda. Lakini hata sasa, nikiwa mtu mzima mwenye wajukuu, nikilikumbuka lile neno gunia natamani ningemjibu zaidi.

Ndipo meneja akauliza lililokuwa likimsumbua. Walishafundisha wasichana kwa miezi, alisema, kisha wakaolewa wakaondoka. Je, nimeolewa? Nimechumbiwa?

"Sijaolewa, sijachumbiwa, wala sijaahidiwa kwa mtu."

"Hujaahidiwa?" aliuliza afisa.

"Sijaahidiwa."

Aliandika, akapiga mstari chini yake. Meneja alisema jaribio langu la mashine limemridhisha. Kilichobaki ni kuulizia habari zangu, kisha nitapewa jibu. Nilifikiri watamwuliza mwalimu mkuu, ambaye alinipenda, kwa hiyo nilishuka ngazi zile na moyo mwepesi. Nililivaa buibui langu pale pale mlangoni, wakitaka waone.

Wiki ile ile mama aliniita Zinga. Goti lilikuwa linamsumbua na mihogo ilikuwa inangoja kuchimbwa. Nilikaa huko mpaka mwezi wa Shaabani ukawa umeingia. Niliporudi Dunda nilimkuta shangazi amechangamka, ananitazama kwa jicho la mtu aliyekufanyia jambo zuri na hajaamua kukuambia. Kabatini nilikuta halua kwenye sahani, na halua kwetu haikuwa kitu cha siku za kawaida. Nilipouliza ni ya nani, alisema kuna wageni walipita. Nikaila yote.

Nikangoja jibu. Kila aliyetoka posta nilimtazama mikono. Ramadhani ilipokuwa imekaribia kiasi kwamba watu wameanza kununua tende, nilichoka kungoja, nikapanda basi, nikaenda kulifuata jibu langu mwenyewe.

Afisa utumishi hakunikaribisha ndani. Alinitokea koridoni, amesimama, mimi nikiwa bado nimekaa kwenye lile benchi.

"Jibu lenu tulishalipata, ndugu," alisema.

"Jibu letu? Mimi ndiye ninayengoja jibu."

"Mzee wenu alikuja mwenyewe. Akasema mbele ya meneja kwamba umeshaahidiwa kwa watu wengine, tuwawie radhi. Mimi ndiye niliyemtafsiria meneja. Na hapa wewe uliandikisha kwamba hujaahidiwa." Alitikisa kichwa kwa masikitiko ya uongo. "Tumwamini nani sasa, wewe au mzee wako?"

Nilimwuliza ni mzee gani. Akanieleza: kanzu, koti la kahawia lenye kiraka kwenye kiwiko, bakora. Koti lile nilikuwa nikilijua tangu utoto. Nilimweleza kwamba kuna makosa, kwamba mimi sina mtu, wamwite meneja nimwambie mwenyewe. Akasema meneja ana kazi, na kampuni haiwezi kumfundisha mtu ambaye ukoo wake umekwenda kumkatalia kwa kinywa chake. Kisha akaufungua mlango wa chumba cha mashine, ubaridi ukanipita miguuni, akaufunga.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nampangia baba mdogo maneno. Nilikuwa sina shaka hata kidogo. Ameona kazi inakaribia kutoka, amefunga safari, ameniharibia, akitaka nisionekane na faida yoyote mpaka posa ije. Nilimpangia habari za duka lake, habari za koti lake, na habari za namna alivyogawana vitu vya marehemu baba. Hasira ilinifanya nisione hata tumepita wapi. Niliposhuka sikwenda kwake. Nilikwenda kwanza kwa shangazi, ili awe shahidi.

Alikuwa ua wa nyuma, amekalia mbuzi, anakuna nazi. Nilianza kupiga kelele tangu ukumbini.

"Kwanza salamu," alisema, bila kuinua kichwa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Haya, sasa lia."

"Baba mdogo kaniua! Amekwenda Dar kwenye kampuni ya mashine, kawaambia nimeshaahidiwa. Kazi wameninyima!"

Mkono wake ulisimama kwenye kifuu.

"Baba yako mdogo hakwenda kwenye mashine yoyote," alisema. "Alikwenda kupeleka jibu la posa. Nilimtuma mimi."

Nilimtazama. Naye akanitazama mimi, akanieleza yote.

Nilipokuwa Zinga alikuja mtu. Kabla hajafika kwetu alipita nyumba za majirani, akauliza mimi ni mtoto wa nani, tabia yangu ikoje, nina maradhi gani, natokatoka au nimetulia, kuna mtu amekwisha nisemea au hapana. Mjini kwetu mtu akianza hivyo hakuna anayemwuliza anataka nini. Majirani wakafanya kama wanavyofanya majirani wema. Yule wa mbele yetu, aliyekuwa ananiona kila mara nikienda kupanda basi la Dar, aliapa kwa jina la Mungu kwamba sijavuka kijiji cha Kerege peke yangu tangu nizaliwe. Mwingine akasema hata dukani hutumwa mtu kwa niaba yangu. Walinisifu mpaka nikawa sifai kwa kazi yoyote.

Kisha yule mtu akaja barazani, akavua viatu, akatoa shikamoo. Shangazi akamwekea kahawa na halua, akammwagia marashi mikononi.

"Mtu wa Pangani," alisema shangazi. "Akifungua mdomo tu unajua. Kijana wa watu, msemaji, kikombe anakishika kwa ncha za vidole."

"Yukoje?"

"Mwembamba. Suti ya Kaunda, imepigwa pasi."

"Shangazi, huyo haiwezekani kuwa wa Pangani. Huyo ndiye aliyewaambia Wazungu sisi watu wa Pwani kazi yetu kukaa barazani na kunywa kahawa."

"Basi kwangu alikaa barazani akanywa kahawa, vikombe vitatu," alisema shangazi. "Na Pangani ni Pangani, mimi sifundishwi."

"Alisemaje?"

"Alisema ametumwa na wakubwa zake. Kwamba mtoto wetu amewapendeza, na wanataka kujua sisi wenyewe tunasemaje. Akauliza, mkituruhusu tumchukue, mtaridhia akae mjini? Akauliza kama una mtu."

"Hakutaja mashine? Hakutaja kazi?"

"Hakutaja hata sindano."

Shangazi akamjibu kama posa inavyojibiwa. Kwa kuwa jibu halitolewi siku ya kwanza, alimwambia awape nafasi washauriane, akamwuliza jibu lipelekwe wapi, na yule bwana akataja jengo na ghorofa. Jioni ile ukoo ulikaa. Baba mdogo, kumbe, alitaka kukubali. Watu wa ofisini, alisema, suti ya Kaunda, mtoto anataka nini tena, malaika? Ni shangazi aliyekataa. Aligombana naye mpaka akamshinda, akampa nauli, akamtuma apeleke lile neno ambalo kwetu hupelekewa mtu asiyetakiwa ili asifedheheke: mtoto tumeshamwahidi kwa watu wengine, mtuwie radhi. Baba mdogo alirudi amefurahi kwa sababu Mzungu alimpa mkono na soda.

"Lakini kwa nini ulimkataa?" nilimwuliza. Nilikuwa bado natafuta wa kumchukia. "Kama uliona ni kijana wa watu, kwa nini?"

"Unaniuliza?" Alikunja uso. "Ramadhani ilikuwa haijafika. Muda wako ulikuwa haujaisha. Nilimwambia baba yako mdogo, mtoto anaingoja kazi yake, na mimi nikiwa hai haolewi mpaka jibu lake litoke. Nilimkataa kwa ajili ya kazi yako."

Nilikaa chini sakafuni pale pale, kwenye machicha ya nazi, nikalia kwa hasira, kilio kibaya cha kelele, kwa sababu nilikuwa nimejaa na sina mtu wa kummwagia. Yeye alikuwa bado hajaelewa. Ilibidi nimweleze mara ya pili, polepole, kwamba yule mtu alitoka kampuni ya mashine, kwamba wakubwa zake ni yule Mzungu, kwamba kulikuwa hakuna bwana arusi.

"Kwa hiyo niliyemkataa," alisema mwishowe, "ndiyo kazi yenyewe."

"Ndiyo yenyewe."

Alikitazama kile kifuu kama kitu asichokijua. Kisha akakiweka chini, akakung'uta kanga yake, akainuka.

"Kesho tunakwenda," alisema.

Shangazi hakulikunja buibui lake. Alipanda nalo ngazi, akakaa nalo kwenye benchi lile, katikati, kama mwenye nyumba. Kijana wa mapokezi alikuja kumwambia kwamba bila miadi hawezi kuonana na mtu. Akamjibu kwamba yeye hakuja kuonana na mtu, amekuja kulipa ziara, na afisa utumishi wao alipomjia hakuwa na miadi pia. Kijana akaenda kumwita.

Afisa utumishi alitoka na faili mkononi. Alipomwona ni nani, hatua zake zikapungua.

"Habari yako, mama," alisema, kwa sauti ya ofisini.

"Kwangu ulinipa shikamoo."

Aligeuka nyuma kutazama kama mlango wa meneja umefungwa. Kisha akashusha sauti, na kile Kiswahili chake cha kufinya kikamtoka, kikaja kingine, laini, cha kwao. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Sitakuweka. Nina maswali yangu, unijibu kama nilivyokujibu wewe. Ulipoanza kwa majirani zangu, ulijua kwetu anayeanza kwa majirani amefuata nini?"

Aliihamisha faili mkono wa pili.

"Mikono yako nilipoitia marashi, ulijua?"

"Nilijua, shangazi."

"Ulipoona nauliza jibu lipelekwe wapi?"

"Nilijua."

"Sasa mbona hukuniambia? Neno moja tu. Ungesema, shangazi, hii ni kazi. Ningekubusu mikono."

Aliitazama faili yake. Nilisimama karibu kiasi cha kuona jasho limemkusanyika juu ya mdomo, maana koridoni mle hakuna aliyesalimika nalo, hata yeye. Nilifurahi kuliona.

"Siku ile," shangazi aliendelea, "nafasi ilikuwepo au haikuwepo?"

Ndani ya chumba cha baridi zile mashine zilikuwa zinatoboa, ta-ta-ta, na mmoja wa wale wasichana alicheka.

"Ilikuwa na mtu," alisema. "Kuna jamaa yetu, binti, nilikuwa nimekwisha kumwekea. Lakini meneja alimtaka huyu, alisema mpaka tumuulizie kwao ndipo akate shauri. Nikaja." Alijaribu kutabasamu. "Sikusema uongo wowote, shangazi. Nyinyi wenyewe mlinirahisishia kazi."

Nilifungua mdomo. Shangazi alinishika mkono kwa nguvu, nikaufunga.

"Mama yako angali hai?" alimwuliza.

"Yu hai. Yuko Pangani."

"Alhamdulillahi. Nina jamaa huko, nitaulizia nyumba, nimpelekee salamu. Nitamwambia mwanawe alifika kwangu, nikampokea." Alisimama, akaliweka sawa buibui lake. "Na mengine nitamweleza."

Yule bwana alisema, "Shangazi, tafadhali," kwa sauti ndogo kabisa, na hilo tafadhali ndilo jambo pekee lililotoka katika kampuni ile ambalo nimelifurahia maisha yangu yote. Lakini tafadhali hailipi mshahara. Mlango wa chumba cha mashine ulifunguliwa tukiwa tunapita, akatoka msichana wa umri wangu, amejifunga sweta, ana boksi la kadi mikononi. Alituamkia vizuri. Sikumjibu, ingawa alikuwa hajanikosea kitu.

Kwenye basi nilikaa dirishani nikiwa na hasira mpaka meno yakaniuma. Nilihesabu kila kitu kilivyokuwa. Kazi imekwenda. Ramadhani imefika mlangoni. Ikiisha, baba mdogo atakaa barazani na koti lake kungoja posa ya kwanza ya maana, na mimi nilishakubali kwamba sitafungua mdomo. Nilimwambia shangazi hivyo, kwa ukali, kama kwamba kosa ni lake. Alikuwa amefumba macho, nikafikiri amelala.

"Baba yako mdogo alisema nini mbele ya yule Mzungu?" aliniuliza bila kufumbua macho.

"Kwamba nimeshaahidiwa."

"Alisema kwa kinywa chake?"

"Kwa kinywa chake. Na wakatafsiriwa."

"Basi umeahidiwa," alisema shangazi. "Mtu mzima hatoi neno mbele ya watu, akapewa mkono, akanywa na soda, kisha akarudi nyuma. Posa yoyote itakayokuja, atakwenda kuwajibu hivyo hivyo, na nitamsimamia mwenyewe mpaka mlangoni."

Niligeuka kumtazama. Alifumbua jicho moja kuona kama nimesikia.

"Nimeahidiwa kwa nani, shangazi?"

"Kwa kazi," alisema. "Bado hatujaijua ni ipi."